Komedi za zamani: mimi ndiye nimezeeka au zenyewe zimechacha?

Baba Rehema wa Mtoni

Wakuu, habari za Jumapili. Nina swali, ila vumilieni niwasimulie kwanza.

Jana mvua haikutaka kuisha, Mtoni kwa Azizi Ally tope tupu, hakuna wa kwenda popote. Nikachomeka kwenye runinga flashi yangu ya komedi za zamani. Kuna kijana Kariakoo alinihamishia kutoka kwenye VCD kabla hazijaisha kwa michubuko. Sebuleni tulikuwa watano: mimi, mama Rehema, Rehema wa kidato cha pili, mdogo wake wa miaka sita, na mpwa wangu wa miaka 15 aliyekuja likizo kutoka Kilosa.

Tukaanza na Ze Comedy. Mimi nacheka kabla mtu hajafungua mdomo, maana najua kinachokuja. Wakaanza kumwigiza mheshimiwa mmoja wa enzi zile, mwendo ule ule, kikohozi kile kile. Nageuka, namkuta Rehema ananitazama mimi badala ya runinga. "Baba, huyo ni nani?" Nikamweleza. "Kwani alifanya nini?" Nikaeleza na hilo. Robo saa nzima nafundisha siasa za 2008, na kichekesho chenyewe kilishapita.

Nikabadilisha, nikaweka ya Mzee Majuto. Huyo wa miaka sita hajui Majuto ni nani wala kwamba ni marehemu. Mzee alipogeuka tu na kutoa yale macho, mtoto akaserereka kutoka kwenye kochi mpaka chini. "Rudisha pale pa macho!" Tumerudisha mara nne.

Sasa kilichonikaa rohoni ni cha tatu. Kanda moja ya vichekesho, siitaji jina. Kuna jamaa ana kigugumizi, na utani wote ni huo: anaagiza chai, neno halitoki, mhudumu anasinzia amesimama. Mbele anapewa maiki harusini aimbe, mambo yale yale. Nilipoinunua nilicheka mpaka machozi. Jana nimecheka tena kwa mazoea, halafu ndiyo nikakumbuka kwamba mpwa wangu naye ana kigugumizi. Hakusema kitu. Akainuka, akaaga kwamba anakwenda kukinga maji ya mvua. Ndoo zote zilikuwa zimejaa tangu asubuhi.

Basi swali langu: nyie mkizirudia hizi kanda, zinawachekesha au mnajichekesha? Na hiyo ya tatu niifute?

---

Mzee wa Gazeti

Mkuu, kwa Ze Comedy unawaonea. Wale jamaa, tangu wako EATV mpaka wanahamia TBC1 na kujiita Orijino Komedi, walikuwa wanatupikia chakula cha wiki ile. Ulitakiwa uwe umesikiliza taarifa ya habari ndiyo ucheke. Wewe umempa mtoto mihogo ya juzi halafu unashangaa haili.

Lakini jaribu vipande ambavyo Joti, mwenzao wa kundi lile, ni bibi kizee. Pale hakuna mheshimiwa wa kueleza. Kila nyumba ina bibi.

---

Binti Ngamiani

Mimi wa Tanga, nimeolewa Kigamboni, kwa hiyo kwa Majuto msitegemee haki.

Amri Athumani, ndiye Majuto mwenyewe, kuzaliwa kwake 1948, ni mtu aliyetoka kwenye jukwaa kabla ya kamera. Jukwaani hakuna kurudia, na aliyekaa nyuma kabisa lazima akuelewe, ndiyo maana mwili wake wote unasema. Mtazameni anavyosikiliza mwenzake akiongea. Waigizaji wengi mwenzao akiongea wao wanasubiri zamu. Majuto hasubiri, anaudhika taratibu, uso unapanda kama maziwa jikoni, na wewe unajua yatamwagika ila hujui lini. Halafu lafudhi! Mtu wa Tanga hagombi kwa haraka, anakutukana kwa adabu, "mwanangu we" ikiwa mbele.

Alipofariki pale Muhimbili Agosti 2018, baba yangu aliwasha redio akakaa kimya mpaka magharibi. Kesho yake akaweka kanda zake, tukacheka siku ya msiba. Sijui kama ni vibaya.

Ila niseme ukweli, zile nyingine zake za mzee kukimbizana na vibinti, siku hizi huwa naingia jikoni. Nina binti wa miaka 13.

---

Fundi Deki

Nilikuwa na kibanda umiza, banda la kuonyesha video kwa kiingilio, pale Tandika, deki mbili na runinga moja, miaka ya mwisho ya tisini. Kwa hiyo nimezipima komedi kwa kipimo kibaya kuliko vyote: watu waliolipa na wanaotaka hela yao.

Filamu ya nje isiyo na maneno haikuniangusha hata siku moja. Mr. Bean nilikuwa naweka mchana kwa watoto. Vipindi vyake vyote ni 15 tu, kuanzia 1990 hadi 1995, lakini mtaa mzima ungeapa ni mia. Chaplin pia. Kuna ile yake ya 1936 ya kiwandani, wanamfunga kwenye mashine ya kumlisha ili asipoteze muda wa kazi, mashine inaharibika, hindi linazunguka mdomoni kama tairi. Wapakia mizigo wa sokoni Tandika walikuwa wanaiomba hiyo kwa jina la "hindi". Walikuwa wanajua kula huku tajiri amekusimamia.

Sasa sikieni. Zile zilizotafsiriwa kwa sauti ya Kiswahili na akina Lufufu zilijaza banda mpaka watu wanasimama. Mwaka juzi nimeipata moja ile ile bila mtafsiri. Jamani, ni kilio. Haichekeshi hata sekunde! Kumbe miaka yote tulikuwa tunamcheka Lufufu, ile picha ilikuwa mapazia tu.

Na ile ya chupa ya soda kudondoka kutoka kwenye ndege, "The Gods Must Be Crazy" ya 1980. Niliionyesha mpaka utepe ukakatika. Nimeirudia juzi: anavyokimbia kimbia yule jamaa na Land Rover bado nimecheka. Lakini imetengenezwa na Mwafrika Kusini mzungu wakati wa ubaguzi, na yule Msani, mtu wa jamii ya wawindaji wa Kalahari, anaonyeshwa kama mtoto asiyejua lolote. Sisi tukagonga meza, kana kwamba Eyasi hatuna Wahadzabe, nao wawindaji.

---

Mwalimu wa Zamu

Baba Rehema, mimi nina kigugumizi. Mwalimu wa hesabu, miaka 19 ubaoni.

Nilipokuwa sekondari komedi moja ya namna hiyo ilitoka, na jina la yule mhusika nikapewa mimi mpaka namaliza kidato cha nne. Sikuchukia kigugumizi kuchekwa. Mimi mwenyewe huwa najicheka, juzi nimeshindwa kusema "pembetatu" mpaka darasa zima likanisaidia kwa pamoja. Nilichochukia ni kwamba yule mhusika hakuwa na kingine. Hakuwa mjanja, hakuwa mchoyo, hakuwa na mke. Majuto ukimwondolea umri anabaki na ubahili, hasira na tamaa. Huyo ukimwondolea kigugumizi anabaki na chai.

Usiifute kwa ajili yangu. Kamuulize mwenye ndoo.

---

Baba Rehema wa Mtoni

Mwalimu, nimemuuliza. Asubuhi tukiwa tunachota tope barazani, koleo mbili, hatutazamani, ndiyo rahisi. Alivyokuwa anakwama siandiki, haina haja.

Nikamwambia, mpwa wangu, ile kanda ya juzi mjomba amekosea. Akachota koleo tatu nne kabla hajajibu. Akasema, "Mjomba, yule muigizaji hajui kazi."

Nikamuuliza kwa nini.

"Ameimba harusini huku anagugumia. Sisi tukiimba hatugugumii."

Nikabaki nimeshika koleo. Kijana akaimba ubeti mzima wa kwaya ya kanisani kwao Kilosa, palepale kwenye tope, neno halikukwama hata moja. Jirani akachungulia dirishani. Halafu akaniigizia mimi: navyocheka kabla ya utani, mkono tumboni, na navyomweleza Rehema siasa. Mama Rehema ametoka ndani na mwiko, kacheka mpaka kakaa kizingitini.

Flashi ipo. Leo usiku wamekubaliana ni ya hindi. Fundi Deki, unayo?