Mzee hajui Kiitaliano: nimpeleke sinema au nitamtesa?

BintiNgamiani

Wana jukwaa, hamjambo. Baba yangu amekuja kunitembelea hapa Bologna, ana wiki mbili. Makanisa tumezunguka, minara tumeitazama, na jana kaniambia waziwazi: "Mwanangu, matofali yametosha."

Sasa Jumamosi pale Modernissimo wanaonyesha *Ladri di biciclette*, yaani Wezi wa Baiskeli, ile ya Vittorio De Sica ya mwaka 1948, nakala iliyokarabatiwa. Mzee kafanya kazi ya fundi baiskeli Ngamiani, Tanga, zaidi ya miaka 30, kwa hiyo nilipoona tu bango nikamfikiria yeye. Shida ni kwamba Kiitaliano anajua "ciao" na "basta". Maandishi ya chini ni ya Kiingereza, nacho anakisoma kwa kubahatisha, na miwani ya kusomea kaisahau nyumbani. Halafu picha yenyewe haina rangi. Atasinzia? Mliowahi kwenda sinema na wazazi, nishaurini.

KobeMkongwe

Mpeleke, binti. Sisi lini tulingoja lugha? Mimi nilikuwa naingia Empire pale Dar kuona Django, nao walikuwa makauboi wa Kiitaliano wale, wanasemeshwa Kiingereza, na nusu ya ukumbi hatuambulii neno. Jirani ndiye alikuwa anakutafsiria, na asipojua anatunga. Mara nyingine ya kutunga yalikuwa matamu kuliko ya filamu.

Mkwaruzo

Dada, nakala hiyo usiikose. Ilikarabatiwa hapohapo Bologna, maabara ya L'Immagine Ritrovata, filamu ilipotimiza miaka 70. Kazi yenyewe ni ya subira: mkanda unapigwa picha upya kipande kwa kipande, mikwaruzo inaondolewa, sauti inasafishwa. Zile chembechembe za picha huachwa makusudi, ndizo ngozi ya filamu.

Mwambie tu mzee kwamba akiona midomo haiendani na sauti, mitambo haijaharibika. Enzi hizo Waitaliano walikuwa wanapiga picha kwanza, sauti inatiwa baadaye studio. Na yule baba wa kwenye filamu, Lamberto Maggiorani, hakuwa mwigizaji, alikuwa mfanyakazi wa kiwandani. Mikono yake inaonyesha.

MamaK

Mimi nasema ya maana: ukumbi ule uko chini ya ardhi, kuna ngazi. Kaeni pembeni, choo kwanza. Filamu haifiki hata dakika 90, atavumilia. Msimulie mwanzo tu: jamaa kapata kazi ya kubandika mabango Roma, sharti awe na baiskeli, na baiskeli iko rehani. Mke anatoa mashuka ya kitandani yaende rehani badala yake. Siku ya kwanza kazini, inaibiwa. Mwisho usimwambie!

BintiNgamiani

Nimerudi na ripoti. Asanteni wote, na Mzee Kobe shikamoo.

Tulikaa pembeni kama alivyosema MamaK. Ukumbi ulifunguliwa mwaka 1915, ukafungwa 2007, ukafunguliwa tena Novemba 2023, na wameurudishia mapambo ya mtindo wa zamani hizo. Baba aliukagua kama anayetaka kuununua. Kuhusu maandishi, hakuyasoma hata mstari mmoja, maana macho yake yote yalikuwa kwenye baiskeli.

Pale mwanzo, karani wa rehani anapanda na furushi la mashuka kwenye rafu zilizojaa mafurushi ya wengine hadi darini, baba akaguna, "Yote haya ni vitanda vya watu?" Kidogo nilie, na filamu ndiyo kwanza inaanza.

Halafu asubuhi, yule mtoto Bruno anaifuta baiskeli na kitambaa, chumba bado kina giza. Anagundua kwamba wale wa rehani wameibonyeza mahali, analalamika kwa baba yake. Hapo mzee wangu alinipiga kiwiko: "Huyu fundi huyu!" Kwa sauti. Mama mmoja mbele yetu akageuka, akatabasamu. Nikafikiri, kama nakala ingekuwa na mvua na mikwaruzo ile tuliyoizoea, angeona nini kwenye giza lile?

Kilichomshika zaidi ni sokoni. Baba yake Bruno na wenzake wanaitafuta baiskeli, wanagawana kazi, huyu atazame fremu, huyu matairi, mtoto kengele na pampu, kwa sababu baiskeli ya wizi haiuzwi nzima. Baba alitikisa kichwa muda wote. Kumbe kila wiki alikuwa anaona hayo. Watu walikuwa wanamletea fremu iliyopakwa rangi juzi, anakwangua kwa ukucha kutafuta namba, akiona namba imepigwa tupa anaikataa. Mara moja hakuikataa. Kanisimulia njiani, miaka yote hii sijawahi kulisikia. Ilikuwa Phoenix nyeusi, mwenyewe alikuja siku ya tatu, akaitambua kwa keria.

Mwisho sitausema kwa ajili ya ambao hawajaiona. Taa zilipowaka baba hakuinuka, akanishika mkono akidai anajisaidia kusimama, na hakuuachia hadi juu ngazini.

KobeMkongwe, nilijaribu kumtafsiria kwa kunong'ona. Akaninyamazisha: "Acha, naelewa."

KobeMkongwe

Marahaba. Sasa ile Phoenix aliirudisha?

BintiNgamiani

Aliirudisha, na tairi jipya juu. Tulipotoka Via Rizzoli alisimama kwenye baiskeli zilizofungwa nguzoni, akaanza kuhesabu zisizo na gurudumu la mbele.