Tupeane uzoefu: Mliopita Ulaya kwa treni, mlituma postikadi gani nyumbani?

Mtoto wa Ngamiani

Wanajamvi, habari za wakati huu.

Mwezi uliopita nilikuwa Tanga nikimsaidia mama kuhama. Nyuma ya kabati la vyombo nikakuta kopo la bati la biskuti. Ndani yake mna postikadi saba, zote kwa mwandiko wangu.

Nilizituma mwaka 2014 nikiwa mwanafunzi Köln, Ujerumani. Nilikuwa na akiba kidogo ya kazi ya kuosha vyombo mgahawani, nikanunua tiketi ya Interrail. Kwa asiyeijua, ni tiketi moja inayokupandisha treni za nchi nyingi kwa idadi ya siku ulizolipia. Ilianzishwa mwaka 1972 kwa vijana wasiozidi miaka 21, na wakati huo ilikubalika katika nchi 21. Wanauziwa watu wanaoishi Ulaya, na pasipoti ya Tanzania si kikwazo mradi una kibali cha kuishi huko. Anayetoka nyumbani kwenda kutembea hununua Eurail, ni ndugu wa hiyo hiyo.

Kadi ya kwanza ni ya kanisa kuu la Köln. Ukitoka tu mlango wa stesheni, minara yake ya mita 157 imekusimamia kichwani. Ya pili ni ya mto Rhine. Kutoka Koblenz kwenda Mainz kuna reli inayofuata ukingo, na ukikaa kushoto mto unakuwa wako safari nzima: matishari ya mizigo, ngome juu ya vilima, mizabibu kwenye miteremko mikali ambayo kwetu ungeona mtu akiilima huko Lushoto tu.

Lakini moyo niliuacha Uswisi, kati ya Chur na Tirano. Reli ile ina upana wa mita moja, sawasawa na reli yetu ya zamani ya Tanga kwenda Moshi. Nilipolijua hilo nilishindwa kukaa kitini. Kuna daraja la mawe la Landwasser, lilikamilika mwaka 1902, urefu wake kwenda juu ni mita 65. Linapinda kama upinde, na linapokwisha treni inaingia moja kwa moja ndani ya jabali. Baadaye inapanda hadi Ospizio Bernina, mita 2,253 juu ya bahari, kisha inaanza kuteremka kuelekea Italia. Haina meno ya kung'ata reli, ni magurudumu matupu, na kuna mahali kila mita 1,000 inashuka mita 70. Pale Brusio kilima kiliwashinda wajenzi, wakazungusha daraja duara. Treni inapita juu ya matao, inazunguka, halafu inapita chini ya matao yale yale.

Sasa sikilizeni. Nyuma ya kila kadi mama alikuwa ameandika kwa kalamu siku aliyoitoa sandukuni pale posta. Niliyoituma Tirano ilichukua wiki tisa, ikafika nyuma ya ile ya Budapest iliyotumwa siku nyingi baadaye. Na kwenye ile ya daraja la Brusio, chini ya tarehe, ameongeza: "Baba yake angeipenda hii." Baba alikuwa mtu wa reli. Alifariki nikiwa kidato cha pili, na mimi katika kadi ile sikuwa nimemtaja kabisa.

Simu niliyopigia picha za safari ile iliibiwa mwaka uliofuata. Zimebaki hizi saba.

Basi tupeane uzoefu. Ulipita njia gani, ulimwandikia nani, kadi ilifika? Na mliopata tabu njiani semeni pia, kuna wadogo zetu wanajiandaa kusafiri.

Nahodha wa Nchi Kavu

Assalaam alaykum. Mimi mtu wa Unguja, makazi yangu Muscat. Mwaka 2018 tulikwenda Italia na mke wangu, tukapanda treni ya usiku kutoka Roma kwenda kisiwa cha Sicilia.

Alfajiri treni ikasimama Villa San Giovanni, mwisho wa nchi kavu. Nikahisi tunavutwa mbele, tunarudishwa nyuma, vyuma vinagongana. Nikachungulia: treni inakatwa vipande na kusukumwa ndani ya meli! Mabehewa yamepangwa tumboni mwa chombo, reli zimelazwa sakafuni. Milango ikafunguliwa, tukapanda juu sitahani. Mlango ule wa bahari una kilomita tatu hivi panapokaribiana, lakini mkondo wake nguvu. Mimi nimekulia Malindi ya Unguja, nimeona majahazi yakipakia karafuu, chokaa, ng'ombe. Treni sijapata kuona.

Mnapoingia bandari ya Messina mnapokewa na sanamu ya dhahabu juu ya nguzo. Ni ya Bibi Maryam. Watu wa mji ule wana mapokeo kwamba aliwaandikia wazee wao barua, na sanamu yenyewe inaitwa kwa jina la barua hiyo. Mke wangu akasema, "Basi hapa ndipo pa kumwandikia baba." Tukanunua kadi ya nguzo ile, nikaiandika na upepo wa bahari ukiipeperusha. Mzee aliipata. Mpaka anaondoka duniani, Mungu amrehemu, akija mgeni barazani humtolea, na cha kwanza anachomwambia ni namna meli ilivyolimeza gari la moshi.

Tahadhari mbili kwa vijana. Tiketi ya karatasi ya treni za mikoani Italia lazima uigonge muhuri kwenye kimashine kabla ya kupanda. Sisi hatukugonga, tukatozwa faini, na kusema "sikujua" hakukutusaidia. Ya pili, ukinunua stempu za Vatikani, kadi iposti humo humo Vatikani. Sanduku la mtaani Roma ni la Italia, stempu hizo haliwezi kuzitumia.

Kijana wa Mbezi

Mkuu wa Ngamiani, hiyo njia ya Chur ni lazima kulipia siti ya gharama?

Mtoto wa Ngamiani

Hapana mdogo wangu. Ile treni ya watalii yenye vioo mpaka darini inataka ulipie siti mapema. Treni za kawaida hupita reli ile ile, madaraja yale yale, hazidai kuhifadhi siti. Na mimi nazipenda zaidi kwa sababu utapata dirisha linalofunguka. Unatoa mkono, unapigwa na ubaridi wa barafu, unasikia magurudumu yakilia kwenye kona.

Binti Voi

Hamjambo nyote. Mimi ni nesi, nafanya kazi London, kwetu ni Voi.

Nianze na kilichonigharimu. Miaka yangu ya kwanza nilidhani kibali cha kuishi Uingereza kingenifikisha Paris. Kwa sisi wenye pasipoti ya Kenya hakikufikishi, unahitaji viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya. Na huendi kuulizwa ukishafika Ufaransa. Maafisa wa Ufaransa wako pale pale stesheni ya St Pancras, wanakagua pasipoti kabla hujaona treni. Nilirudishwa pale na begi langu, nikalia kwenye basi mpaka nyumbani.

Mara ya pili nilikuwa na viza. Handaki la treni kati ya Uingereza na Ufaransa lilifunguliwa mwaka 1994, lina urefu wa kilomita 50 na zaidi kidogo, nyingi zikiwa chini ya bahari. Ukiwa ndani huoni lolote, ni giza na uso wako mwenyewe kiooni, kama dakika ishirini hivi. Mama mmoja jirani yangu alikuwa akifuma sweta, wala hakuinua macho. Mimi nilikuwa namfikiria babu.

Babu yangu alishika bendera stesheni ya Voi, enzi za reli ya zamani. Ya kijani, treni ipite, nyekundu isimame. Hadi uzeeni alikuwa akisikia honi, anasimama wima. Nilipofika Gare du Nord, stesheni ya Paris, sikwenda kuona mnara wa Eiffel kwanza. Nilitafuta kadi yenye picha ya stesheni, nikamwandikia nyanya maana babu alikuwa ameshatangulia: "Nyanya, nimepita chini ya bahari kwa treni na maji hayakuingia. Mwambie."

Nyanya hasomi. Binamu yangu ndiye aliyemsomea. Aliniambia kwamba nyanya alichukua kadi, akaenda nayo peke yake hadi kaburini, akakaa huko muda mrefu.

Mama Watatu, Gitega

Mimi nitasema la tabu tu. Kuna treni Ujerumani huwa ni mbili zilizounganishwa, zinakatwa njiani, moja kushoto moja kulia. Zile za kutoka Berlin kwenda magharibi, nyingi zilikuwa zikikatwa mji wa Hamm. Nilikuwa na wanangu watatu. Wawili walipandia mlango wa mbele waone behewa la chakula, mimi na mdogo tumekaa nyuma. Dakika tano kabla ya Hamm kijana mmoja asiyenijua akaniuliza ninashukia wapi, akatazama tiketi yangu, na treni iliposimama akanyanyua begi langu bila kuongeza neno na kukimbia nalo platifomu nzima hadi nusu ya mbele, ambako wanangu walikuwa. Tazameni namba ya behewa na jina la mji kwenye kibao cha mlango, na watoto wasitawanyike.

Kadi sikutuma. Jina la yule kijana sikuuliza, na hilo ndilo linaloniuma.

Mwanafunzi Graz

Kuongezea kidogo kwa wanaochelewa: sheria ya Umoja wa Ulaya inakupa haki ya kurudishiwa robo ya nauli treni ikichelewa kufika kwa saa moja au zaidi, na nusu ikifika saa mbili. Kuna mambo yanayoiondolea kampuni wajibu huo, lakini omba. Tunza tiketi, jaza fomu. Wengi wetu hatudai kwa sababu tunaona haya.

Wa Bukavu

Nimesoma zote, za dada wa Voi nimezisoma mara mbili. Miye natoka Bukavu, Kongo, naishi Liège, Ubelgiji.

Mwaka wangu wa kwanza nilipanda treni hadi Antwerpen kwa ajili ya kuona stesheni tu. Kila mtu aliniambia ni nzuri. Ni nzuri kweli. Ngazi za mawe, kuba lililo juu kama la kanisa, saa kubwa yenye dhahabu, na reli zimepangwa ghorofa juu ya ghorofa hadi chini ya ardhi. Watu wanapiga picha. Kisha ukasoma miaka: ilijengwa 1895 hadi 1905. Wakati huo nchi yetu ilikuwa mali binafsi ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, toka 1885 mpaka 1908. Mpira ule wa utomvu wa miti na pembe za ndovu za kwetu zilishushwa katika bandari ya mji huo huo. Nilisimama katikati ya ule ukumbi, miguu ikakataa kwenda.

Nilinunua kadi. Ilikaa mkobani wiki nzima, sikujua nimwandikie nini papa. Papa alikuwa mwalimu wa historia, hadithi za mpira alizipata kwa babu yake. Mwisho niliandika mstari mmoja: "Papa, nimeona ilikokwenda."

Kwetu kadi siikabidhi posta, inapita mkononi mwa mtu. Mama mmoja wa kanisani alikuwa anasafiri kwa Kigali, akaishukisha hadi Rusizi, mtoto wa shangazi akavuka nayo daraja. Ilifika bila stempu hata moja.

Mtoto wa Ngamiani

Dada wa Bukavu, pole na asante. Jioni hii nimemsomea mama simulizi zenu zote kwenye simu. Kwa dada wa Voi alinyamaza. Kwako ameuliza jambo moja na amenisisitiza nikuulize: baba alijibu nini?

Wa Bukavu

Mwambie mama shikamoo.

Alijibu juu ya kadi ile ile. Miezi minne baadaye ilinirudia Liège kwa mkono wa mtu mwingine. Chini ya mstari wangu aliandika kwa wino wa bluu, herufi za ubaoni: "Nimeiona. Weka wewe. Na siku nyingine nitumie ya mto, nione kama unafanana na Ruzizi." Nikaenda kununua ya Meuse, mto wa huku Liège.