Naomba ushauri: risiti za matibabu za majeruhi zitolewe hatua gani ya kesi ili apate fidia?

Wakuu, salamu kutoka Moshi. Majeruhi wa panga ana RB (namba ya taarifa aliyoandikisha polisi), PF3 (fomu ya polisi ya matibabu) imejazwa na daktari, kesi iko mahakama ya wilaya. Zaidi ya kifungo anataka mambo mawili: aambiwe mshtakiwa akipata dhamana (wanaishi mtaa mmoja!), na arudishiwe gharama za matibabu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu hakimu kuamuru fidia baada ya kumtia mtu hatiani, ila mwendesha mashtaka asipoiomba na risiti zisipokuwepo, mara nyingi hutoka kifungo tu, deni la hospitali linabaki kwa aliyeumizwa. Inauma.

Je, risiti azitoe akiwa kizimbani kama shahidi, au zisubiri hadi kabla tu ya adhabu kusomwa? Na kwa ajili ya fidia, kipato cha kibarua kinathibitishwaje?