Mafundi wa Tanga, si kila ugonjwa dawa yake ni kupiga Windows!

Wakuu, heshima kwenu. Leo nimekuja na hasira, nivumilieni.

Nina kisteshenari hapa Ngamiani. Laptopu yangu ni ya mtumba, prosesa Intel i5 kizazi cha 4, ile yenye herufi U ya wati 15. Nikiiwasha tu, bila kufungua kitu, feni inanguruma kama mashine ya kukoboa. Umeme ukikatika, betri haifiki saa mbili, na betri yenyewe nimenunua mpya!

Fundi wa kwanza kabadilisha pesti (ile dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa), 15,000 yangu ikaenda. Wa pili kapiga Windows kwa 20,000, na ripoti za fildi za watoto wa watu akazifuta. Wa tatu hata bisibisi hakushika: "Bosi, hilo joto la kaskazi tu." Kaskazi! Mbona mashine ya jirani yangu, ukuta kwa ukuta, imetulia kama paka? Yenyewe inavuta hewa ya Lushoto?

Wote watatu walifungua Task Manager, wakaona matumizi ni 2%, wakasema prosesa haina tatizo. Hapo ndipo walipopotea mbali. Prosesa kukosa kazi si sawa na kulala. Usingizi wake una ngazi, zinaitwa C-States, na namba ikikua usingizi unakuwa mzito. C0 iko kazini. C1 imesimama tu, macho bado yamefumbuliwa. Ikifika C6 ndipo kila koa (kichwa kimoja cha kazi ndani ya prosesa) inahifadhi hali yake na kukatiwa umeme. Yangu ilikuwa inakesha.

Nilijuaje? Nilitia Linux kwenye flashi, nikachomoa chaja, nikafungua powertop, programu ya kuangalia matumizi ya umeme, ukurasa wa Idle stats. C1 imejaa, C3, C6, C7 ni sifuri tupu. Nikaingia BIOS (mipangilio ya msingi ya mashine), nikakuta C-States zimezimwa. Nani kazizima? Nimewauliza wote, kila mmoja anaapa si yeye.

Nikaziwasha. Koa zikaanza kuzama C7 zaidi ya 90% ya muda. Nikashangilia mapema, maana safu ya Pkg, yaani prosesa nzima kwa pamoja, iling'ang'ania PC2, usingizi mwepesi wa prosesa nzima. Ni kama nyumba ya kupanga: wapangaji wote wamelala, lakini geti halifungwi kwa sababu mmoja bado yuko barazani. Na si lazima awe koa. Diski, kadi ya mtandao, kifaa cha USB, chochote kinachotaka kujibiwa haraka kinaizuia prosesa nzima isizame.

Kwangu alikuwa diski. Njia ya SATA, inayounganisha diski, ilikuwa imewekwa max_performance (nguvu zote) muda wote. Nikaandika med_power_with_dipm (kuokoa umeme kwa kiasi) kwenye mpangilio wa Linux uitwao link_power_management_policy (min_power niliiogopa, kuna SSD zinazoharibu data nayo), nikasubiri dakika mbili. PC7 hiyooo! Matumizi ya mashine nzima ikiwa imetulia yakashuka kutoka wati 10.8 hadi 5.9. Feni kimya, mpaka mteja akaniuliza kama nimeizima. Siku hiyo hiyo nikahamia Linux moja kwa moja.

Sasa 35,000 yangu nimlipishe nani? Nilirudi kwa yule wa pili, nikamwonyesha namba. Kanijibu, "Si imepona lakini?" Imepona kwa mkono wangu, wewe ulinifutia kazi za wateja!

Bado kitu kimoja kinanisumbua. Nikichomeka modemu ya USB, Pkg inarudi PC2 na kukaa hapo hata kama sipakui kitu. Kwenye Tunables za powertop (orodha ya mipangilio ya umeme) nimeiweka Good, yaani iokoe umeme, haijasaidia. Nikiichomoa, inazama tena. Mwenye modemu ya USB aliyewahi kulivuka hili anielekeze alifanyaje. Na yule wa "piga Windows upya mkuu" apite kimyakimya, asinichefue.