Panya kwenye 2G: wanakonda kwa njaa au kwa homoni?

Mwana wa Ngomeni: Salaam aleikum. Naandika pendekezo la utafiti nikiwa hapa Malindi. Panya wakizungushwa kwenye mashine kwa 2G (mara mbili ya uzito wa kawaida wa duniani) hukonda. Je, ni kwa sababu hawali, au homoni ndizo zinazowamaliza mafuta? Na mashine izunguke kwa kasi gani? Mkono wake ni mita 1.5.

Bi Maabara: Waaleikum salaam, ndugu yangu. Yote mawili, ila kwa zamu. Siku za mwanzo ulaji hushuka ghafla, joto la mwili nalo hushuka, kotikosteroni (homoni ya msongo ya panya) hupanda. Baadaye hamu ya kula hurudi na homoni hiyo hutulia, lakini mafuta hubaki machache. Njaa peke yake haielezi hilo. Weka kundi la panya wasiozungushwa, uwape grama zile zile walizokula wenzao jana. Bila kundi hilo, utafiti wote hauna maana.

Usisahau sikio. Panya wadogo (aina iitwayo "mouse", si watoto wa panya) waliozaliwa bila vijiwe vya sikio la ndani, joto lao haliporomoki kwenye 2G kama la wenzao. Ubongo hupata habari ya uzito kupitia huko.

Fundi Mizani: Kasi ni mizunguko 32 kwa dakika. Wengi hukosea hapa: 1G ya ardhi ipo bado, kwa hiyo ya pembeni, itokanayo na kuzunguka, iwe 1.73G tu, jumla ndiyo 2G. Ukiweka 2G ya pembeni, panya wamebeba 2.24G. Kizimba kining'inie huru. Kitainuka nyuzi 60 na sakafu itabaki chini ya miguu yao.

Bi Maabara: Na damu: pima kotikosteroni, si kotisoli (homoni ya msongo ya binadamu). Kipimo cha kotisoli cha binadamu kitakudanganya, kwani panya hategemei homoni hiyo. Toa damu ndani ya dakika 3 tangu ushike kizimba, na iwe saa ile ile kila siku, maana kiwango hupanda kila jioni taa zikikaribia kuzimwa.

Chumba nacho. Joto letu la nyuzi 30 ndilo linalomstarehesha panya mdogo. Maabara nyingi huweka 22, ambako tayari anachoma chakula ili apate joto. Usilinganishe namba zako na zao kabla ya kuwasha kiyoyozi.

Mwana wa Ngomeni: Ahsanteni sana. Na uzito ukipungua, matokeo hugeuka kinyume?

Fundi Mizani: Si kinyume kamili. Uzito mdogo huigwa kwa kumning'iniza panya kwa mkia, kichwa chini nyuzi 30; misuli ya miguu ya nyuma husinyaa na namna insulini inavyoifanyia kazi hubadilika. Huo ni utafiti mwingine; usiuchanganye na huu.