Kerneli yangu inaganda ikitafuta RAM kwenye laptopu, QEMU (kompyuta ya kuigiza) iko fresh. Naombeni msaada

Mtundu_Biti
Wakuu habari zenu. Hii kitu inanitesa wiki ya pili sasa. Naandika kakerneli kangu (kiini cha mfumo endeshi) ka kujifunzia, ka biti 32, GRUB (programu ya kuwashia mfumo) ndo inakapakia kwa Multiboot (utaratibu wa kuikabidhi kerneli mashine). Sasa ili nijue RAM ipo kiasi gani nikafanya hivi, naanzia mega 1, naandika namba kwenye anwani, naisoma, ikirudi vilevile basi hapo pana memori, naruka kilobaiti 4 mbele naandika tena, hivyohivyo mpaka namba igome kurudi (ya zamani naitunza na kuirudisha kwanza, sijalala kiasi hicho). QEMU nikiipa mega 128 mambo safi kabisa. Nikaweka kwenye flashi nikawasha laptopu ya zamani ya giga 4, skrini ikajaa marangirangi ikaganda hapohapo. Nimebadilisha namba ya kupimia kama mara kumi hivi, wapi. Laptopu ndo mbovu au mimi?

Fundi_Kimya
Laptopu nzima mkuu, umeipapasa pabaya tu.

Sio kila anwani chini ya giga 4 ni RAM. Kuna eneo kubwa huko juu limeachwa kwa ajili ya vifaa, kadi ya picha, kadi ya mtandao, APIC (kidhibiti cha ishara za kumkatiza prosesa) iko 0xFEE00000, na kileleni kabisa ndo chipu ya BIOS yenyewe (programu inayoamsha mashine). Hayo marangirangi nadhani ni wewe ulikuwa unachora kwenye memori ya skrini bila kujua, na kwa kuwa memori ya skrini inarudisha ulichoandika, kodi yako ikasema "RAM hiyo" ikaendelea mbele mpaka ikagusa rejista za kifaa kingine. Kuna rejista ukizisoma tu hali ya kifaa inabadilika, kwahiyo huko kurudisha thamani ya zamani hakukusaidii kitu.

Halafu kuna lingine baya zaidi, majedwali ya ACPI (maelezo ya vifaa na umeme wa mashine) yanakaa kwenye RAM ya kweli kabisa. Kipimo chako kitapita vizuri tu, utasema pako wazi, utayafuta. Kipimo kinakwambia kama pana RAM, hakikwambii ni ya nani.

Anayejua ni firmware (programu ya ndani ya mashine, kama BIOS), maana ndo iliyoamka kwanza, ikasoma vijiti vya RAM vimeandikwaje na ikapanga kila kitu kikae wapi. Iulize yenyewe. Kwa BIOS ni INT 15h (wito wa kuiomba huduma), rejista ya EAX ukiweka 0xE820 na EDX 0x534D4150 (hizo ni herufi SMAP), inakupa mstari mmoja mmoja: mwanzo baiti 8, urefu baiti 8, aina baiti 4. Aina 1 tumia, 2 usiguse, 3 ni ACPI ukishayasoma majedwali unaweza kuichukua, 4 usiguse milele, 5 memori mbovu. EBX ikirudi sifuri umemaliza.

Ila wewe hiyo huiwezi tena kwa sababu GRUB inakukabidhi ukiwa tayari kwenye hali ya biti 32 na BIOS inaitwa ukiwa kwenye biti 16. Habari njema GRUB imeshakuulizia. Angalia biti ya 6 ya flagi za taarifa ya Multiboot, ikiwa 1 basi ramani ya memori iko kwenye anwani ya mmap_addr.

Mzee_wa_DOS
Vijana mna raha. Sisi tulikuwa na INT 12h, inakujibu kilobaiti 640 au pungufu yake, basi. Ya juu yake unauliza AH=88h, jibu linakuja kwenye rejista ya biti 16 kwa kilobaiti, maana yake hata ungekuwa na RAM ya kumwaga haiwezi kukwambia zaidi ya mega 64 hivi.

Fundi_Kimya
Mzee mwenzio anatafuta giga 4 😂

Mtundu_Biti
Asante sana Fundi. Nimefuta upuuzi wangu wote nasoma ramani sasa. Nimerudi QEMU nikaiongeza mpaka giga 4 ili ifanane na laptopu, mega 128 inaenda vizuri, giga 4 inaprinti ramani halafu inakufa kifo cha ghafla nikianza tu kugawa peji (vipande vya memori). Hii ndo inayoprinti (mwanzo, urefu, aina):

00000000 0009FC00 1
0009FC00 00000400 2
000F0000 00010000 2
00100000 BFEE0000 1
BFFE0000 00020000 2
FEFFC000 00004000 2
FFFC0000 00040000 2
00000000 40000000 1

Mstari wa mwisho ndo siuelewi, mbona unaanza tena sifuri?? GRUB ina bagi?

Dada_Kompaila
GRUB haina kosa, ni wewe umekata namba. Mwanzo ni biti 64 na wewe umeuweka kwenye kigezo cha biti 32. Pale palikuwa 0x100000000, giga 4 kamili, ukaitupa ile 1 ya mbele zikabaki sifuri tupu. Kwahiyo mgawaji wako wa peji anaamini ana giga 1 nzima ya bure kuanzia anwani 0, na ndani ya hiyo giga 1 yupo yeye mwenyewe, maana kerneli yako imepakiwa mega 1. Ameanza kugawa nyumba anayoishi. Ukiwa na mega 128 mstari huo haupo kabisa ndo maana hukuuona.

Kwanini RAM iko juu ya giga 4 wakati zipo 4 tu? Vifaa vimekaa kwenye giga ya nne, RAM iliyokosa nafasi pale imehamishiwa juu yake. Kerneli ya biti 32 bila PAE (njia ya kufikia anwani za juu ya giga 4) haifiki huko, kwahiyo soma kwa biti 64, mstari unaoanzia giga 4 kwenda juu uruke, unaovuka hapo ukate.

Na kabla hujarudi kulia tena:

kila mstari wa Multiboot ya kwanza una namba ya ukubwa mbele yake ambayo haijihesabu yenyewe, ukisogea ongeza 4. Ramani inakwambia 0x100000 (ile mega 1) iko huru lakini wewe umekaa pale, BIOS haikujui, jitoe mwenyewe kwa alama za linka, programu inayounganisha kodi (mwanzo na mwisho wa kerneli), toa na moduli (faili za ziada ilizopakia GRUB) na taarifa zenyewe za Multiboot. Mwanzo wa eneo pandisha kwenye peji ya juu, mwisho shusha. Na kuna BIOS zinatoa mistari imevurugika au imepandiana, ikipandiana anayesema "usiguse" ndo anasikilizwa.

bin_Kerneli
Na sisi wa UEFI (firmware mpya iliyorithi BIOS) jamani?

Dada_Kompaila
Huko hakuna E820, unaita GetMemoryMap kabla ya ExitBootServices. Aina 7 ndo ya bure, za 3 na 4 zinakuwa zako ukishaiaga firmware. Inakupa ufunguo wa ramani, ukiomba memori nyingine baada ya hapo ramani inabadilika, ufunguo unakataliwa, unachukua ramani upya. Na usipige hatua kwa ukubwa wa strakcha yako, tumia ukubwa iliokupa yenyewe, huwa inazidi. Ukitaka kuona kwa macho washa Linux uandike dmesg, juu kabisa kule kuna ramani.

Mtundu_Biti
IMEKUBALI. QEMU inasema mega 3071 na chenji. Laptopu nayo imewaka bila rangi, ila yenyewe mistari ni mingi mno nikadhani naiprinti mara mbili, na miwili imepandiana kweli kama Dada alivyosema. Ile giga ya juu inaniuma lakini. PAE ni ngumu sana?

Mzee_wa_DOS
Nenda biti 64 moja kwa moja kijana, usijitese.