Re: Kualikwa kutazama ngoma ya Morris, Ludlow

Ndugu wanajumuiya,

Salamu kwenu nyote. Tumehamia Ludlow na wanangu, na jirani yetu, mzee mwema sana, ametualika tukamtazame akicheza Morris, ngoma ya jadi ya Kiingereza, alfajiri ya tarehe 1 Mei. Nimeona picha za zamani ambazo wachezaji wa ngoma hiyo wamejipaka masizi usoni, na moyo ukasita. Je, niwapeleke watoto?

---

Dada mpendwa,

Wapeleke, ila zungumza na jirani kwanza. Ngoma ya upande huo ni ya mpakani mwa Uingereza na Wales, yaani Shropshire, Herefordshire na Worcestershire. Zamani vibarua waliicheza wakati wa baridi, kazi zilipokuwa haba, ili wapate chochote kutoka kwa wenye nacho. Wapo wasemao kwamba walijipaka masizi wasitambuliwe. Wengine huonyesha kwamba maonyesho ya karne ya 19 yaliyotoka Marekani, ambayo Wazungu walijipaka weusi ili kuwadhihaki watu weusi, yaliacha alama yake humo. Mimi naamini yote mawili yamo, na nia njema ya mchezaji haimwondolei mtoto wetu uchungu wa kuutazama uso ule.

Mnamo Julai 2020 vyama vitatu vinavyounganisha makundi ya Morris vilitangaza kwa pamoja kwamba makundi wanachama yaache kujipaka uso mzima rangi nyeusi. Ndiyo maana siku hizi utaona nyuso za buluu, kijani au zambarau, na wengine huvaa barakoa. Hata hivyo kundi lisilo mwanachama halifungwi na tangazo hilo, kwa hiyo muulize mzee wako waziwazi kundi lake hujipaka nini. Mimi nilimuuliza jirani yangu anayecheza Morris tukiwa tumesimama kwenye ua wa nyumba zetu, naye akanijibu kwa heshima na kunishukuru kwa kuuliza.

Mtakachokiona kinapendeza kweli. Makoti yao hushonewa vipande vya vitambaa vya rangi nyingi hata mwili wote ukawa unapepea, wengi hufunga njuga miguuni, na fimbo nene hugonganishwa kwa nguvu hadi maganda na vibanzi vikaruka. Kwa sababu hiyo watoto wasimame hatua kadhaa nyuma. Kodiani na ngoma ndizo zinazowaongoza. Aliyekulia Pemba, akizisikia njuga zile zikifuata hatua, ataukumbuka msewe, ngoma ya huko ambayo wachezaji hufunga njuga miguuni. (Wale wenye mavazi meupe na leso mkononi ni wa Cotswold, eneo jingine la Uingereza, ambao uchezaji wao ni mwingine.)

Wavalisheni watoto makoti mazito, kwani alfajiri ya Mei bado ni baridi kali. Beba na sarafu chache, kwa kuwa kofia huenda ikapitishwa. Wakimaliza, wengi huelekea baa, nanyi mnaweza kuaga hapo bila kumvunjia mtu heshima. Watoto wakipenda kujifunza, mwambie jirani awaulizie: makundi mengi hufanya mazoezi miezi ya baridi, jioni moja kwa wiki, na jambo la kwanza kufundishwa ni namna ya kuishika fimbo ili vidole visipigwe.